Kamba ya Nyumba ya Paani

Mtu akipamba hadithi mimi humkatiza hapohapo. Mokhles, jirani yangu hapa Dhaka, hapambi.

Jioni moja alimpelekea mama yake mdogo dawa ya sukari. Bibi huyo anaishi peke yake kwenye kijumba cha mabati juu ya paa la ghorofa. Mokhles akaita kutoka barabarani, na kama kawaida mfuko ukashushwa kwa kamba, una funguo za geti na za mlango.

"Dawa ninayo, halua nimekula mwenyewe!" akamtania. Siku hiyo bibi hakumrudishia matusi kama alivyozoea.

Umeme ulikuwa umekatika. Akapanda gizani, akisikia kamba ikikwaruza bati huko juu. Mlango aliukuta na kufuli kwa nje. Akafungua.

Mama mdogo alikuwa sakafuni, midomo imemkauka. "Mwanangu, umeingiaje? Tangu jana siwezi kuinuka."

"Si umenishushia funguo?"

"Mimi? Kwa miguu ipi?"

Akambeba mgongoni, akakimbilia ngazi ampeleke hospitali. Walipofika katikati, kufuli likalia kule juu. Kisha nyayo zikaanza kushuka nyuma yao gizani, nzito, kama za mtu aliyebeba mtu.