Nani Alikuambia Nina Tano?

"Vidole juu ya meza, nivione vyote!" Padri Fintan alifoka. "Nikimwona mtu anakonyeza, huyu bata mzinga ni wangu, na nitamla peke yangu!"

Ukumbi wa parokia pale Malvern, Joburg, ukaangua kicheko. Bata mzinga mwenyewe alikuwa amefungwa mguu kwenye jukwaa, anawatazama watu kwa dharau. Ndiye aliyekuwa zawadi, kama kila mwaka tangu mzee huyo wa Kiayalandi awaletee waumini wake mchezo wa karata wa kijijini kwao, unaoitwa Ishirini na Tano. Wakongo na Warundi waliupokea kwa mikono miwili. Wengine, tuseme ukweli, siku hizi walikuja kanisani kwa ajili ya karata, na sala ikafuata nyuma.

Ilikuwa imebaki meza moja tu, ya fainali. Emérite, fundi cherehani wa Jules Street, alitazamana na mwenzake wa mchezo, Papa André. Kushoto kwake alikaa mchumba wake, Glody, mlinzi wa jengo moja kule Braamfontein. Kulia alikaa Falonne, binamu wa Glody, ambaye kwa maelezo ya Glody alikuwa ameingia wiki chache zilizopita kutoka Bukavu ili awe msimamizi wa bibi arusi.

Ndoa ilikwisha kutangazwa kanisani Jumapili mbili. Kesho ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Gauni jeupe lilikuwa dukani limefunikwa shuka, na kule Bujumbura mama yake Emérite alikwisha kualika mtaa mzima. Mtoto wake alikuwa anaolewa, tena kwa ndoa ya kanisani. Angenyamazaje?

Kwa kawaida Emérite na Glody walicheza upande mmoja. Leo Padri aliwatenganisha.

"Wachumba hawachezi pamoja wakati wa matangazo," alisema. "Jikoni kwa mama yangu niliona arusi ikivunjika kwa sababu ya karata moja. Majirani waligombana mpaka wakawa wanapishana njiani bila salamu. Sitaki hayo hapa."

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mmoja ana karata tano, na anayetupa kubwa anazila zilizoko mezani. Turufu inazishinda zote. Mkubwa wa turufu ni Tano, anafuatiwa na Jeki. Wakubwa hao wana upendeleo wao: turufu iliyo ndogo kuliko wao ikitupwa, kila mwenye turufu lazima aitoe, lakini mwenye Tano au Jeki ana ruhusa ya kuificha, atupe takataka, aisubirishe mpaka hatari ipite.

Sasa, Emérite na Glody walikuwa na dhambi yao ndogo. Aliyeshika Tano alibonyeza kidole gumba chini ya kidole cha pete. Basi. Ishara hiyo Glody alimfundisha chumbani kwake, siku ya mvua, kabla hata hajamposa.

"Hapa njo nitaweka pete," alimwambia akimshika kidole, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, ambako 'njo' ni 'ndipo'. "Kila nikikigusa, ujue niko na kitu kikubwa. Ni yetu tu, chérie, mpenzi wangu. Tutaingia nayo kaburini."

Emérite alikuwa ameungama mengi kwa Padri Fintan. Hilo hakuwahi kuligusa. Lilikuwa tamu mno.

Ndiyo maana alipokiona kidole gumba cha Falonne kikishuka polepole na kubonya chini ya kidole cha pete, alisahau hata zamu ilikuwa ya nani. Glody, aliyekuwa ameshavuta karata nzuri, aliirudisha na kutupa ndogo. Kidogo tu, Falonne akashusha Tano.

"Pap!" Falonne alicheka. "Eish, leo iko bahati!"

"Kwa mtu aliyeanza karata jana, unajua, wifi," Emérite alisema.

"Anabahatisha tu," Glody alidakia haraka. "Si nilikuambia hajui hata kopa ni nini?"

*Labda kidole kilimwasha,* Emérite alijiambia. Alitaka sana kiwe kilimwasha.

Karata zikagawiwa upya. Glody na Falonne walibakiza kula mara moja tu wamchukue bata. Emérite na Papa André walibakiza mara mbili. Turufu ilikuwa shupaza. Emérite alitazama mkononi mwake: shupaza moja ndogo na uchafu mtupu. Tano hakuwa nayo.

Papa André akaanza kwa Mfalme wa shupaza. Ilikuwa zamu ya Falonne, na baada yake Emérite.

Emérite aliweka mkono wake mahali pa wazi. Kisha akabonyeza kidole gumba chini ya kidole cha pete, kwa nguvu, huku macho yake ameyapeleka kwa bata mzinga kama vile hana habari.

Falonne aliutazama mkono ule. Karata aliyokuwa ameshaivuta nusu akairudisha. Akatupa kopa isiyo na maana.

Emérite akatupa shupaza yake ndogo. Glody hakuwa na kitu. Mfalme wa Papa André akazila zote.

"Kumbe Mfalme wangu anaweza kula!" mzee alishangaa mwenyewe. Akatupa turufu nyingine.

Sasa Falonne hakuwa na pa kukimbilia. Akiiachia hii, mchezo umekwisha. Akafumba jicho moja na kupiga Jeki mezani kama anayejitupa kwenye maji baridi. Emérite akatupa uchafu. Glody vilevile. Jeki akala, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Tumeshinda!" Falonne aliruka, kisha akamgeukia Emérite kwa mshangao wa kweli. "Mbona hukunikula, wifi? Tano umeificha ya nini?"

"Tano gani?"

"Tano yako! Si uko nayo?"

Emérite alizilaza karata zake wazi, moja moja. Hapakuwa na Tano. Papa André alipekua zilizobaki kwenye fungu, akaichomoa.

"Iko huku. Imelala tu."

"Wifi," Emérite alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini hata watu wakaacha kupiga makofi ili wasikie. "Nani alikuambia nina Tano?"

Falonne akamtazama Glody. Glody akamtazama bata mzinga.

"Chérie, ni mchezo tu," Glody alisema. "Tutoke inje, tukunywe chai."

"Sijakuuliza wewe. Padri, mimi na huyu tulikuwa na ishara. Ndiyo, tulikuwa tunaiba, utaniungamisha baadaye. Ishara hiyo alisema inajulikana na watu wawili dunia nzima. Huyu wa tatu ameipata wapi?"

"Nilimufundisha jana!" Glody alisema.

"Sasa hivi umesema hajui kopa ni nini."

"Emérite, usinitie haya mbele ya watu."

"Wifi, alipokufundisha, alikuambia kwa nini ni kidole hiki?"

Falonne alizibwaga mezani karata zilizombakia. Hasira ilimpanda, na haikumwelekea Emérite.

"Na weye alikuambia?" aliuliza. "Hapa njo ataweka pete?"

"Maneno hayohayo."

"Falonne, nyamaza!" Glody alisimama.

"Ninyamaze nini tena?" Falonne alivuta mkufu uliokuwa ndani ya blauzi. Mwishoni mwake palining'inia pete. "Mie aliiweka. Bukavu, mbele ya baba yangu. Mahari alitoa. Ile ishara alinifanyiaga akipita mbele ya nyumba yetu, baba asijue. Karata nimezijua hapahapa Joburg, kule Diepsloot, mwaka jana. Tunacheza kila akikuja kulala."

"Diepsloot?" Emérite alirudia. "Mwaka jana?"

"Wakati unaambiwa yuko kazini."

Emérite alishika ukingo wa meza. Cha ajabu, kilichomchoma zaidi wakati huo hakikuwa mke. Kilikuwa kile kidole. Kitu alichokificha hata kwa Mungu, akidhani ni chake, kumbe alipewa kikiwa kimeshatumika.

"Na ulikubali kuitwa binamu?"

"Alisema arusi yenu ni ya makaratasi. Weye uko na kibali cha kukaa, sisi hatuna. Akishapata chake, atakuacha, tuanze maisha." Falonne alijifuta macho kwa kiganja. "Nilikubali. Sitadanganya, nilikubali."

"Nilikupima kiuno kwa mikono yangu hii," Emérite alisema. "Nikakutanulia gauni mara mbili. Ukaniambia ni mkate wa Joburg."

Mkono wa Falonne ulikwenda tumboni, ukatulia hapo, na wanawake wote ukumbini wakaelewa.

"Mana yanje," Emérite alinong'ona, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. Akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka. "Chukueni bata wenu. Mmeshinda kihalali kabisa. Mimi ndiye niliyedanganya mkono huu."

Jioni hiyo simu haikupumzika. Glody alipiga, akapiga, kisha akaanza kuandika.

"Chérie, nakuomba. Ya Falonne ni ndoa ya wazee. Moyo wangu iko kwako."

"Jibu basi."

"Weye na mie tumetoka mbali. Karata moja itavunja yote?"

Kisha, alipoona kimya, akabadilika:

"Unajua Home Affairs, wenye vibali, wamenipa mpaka mwezi ujao. Unataka nirudishwe nikauawe? Njo upendo wako huo?"

Emérite aliusoma ujumbe huo wa mwisho akiwa ameketi sakafuni dukani, mgongo wake kwenye cherehani. Akalia. Alilia kwa sababu alimpenda yule mtu, na bado alikuwa anampenda hata akiwa anasoma upuuzi ule. Akaandika:

"Ungeniomba kibali bila kuniomba moyo, ningekufikiria. Ungesema tu ukweli: Emérite, nina mke, nisaidie. Usiandike tena."

Asubuhi simu iliita. Alikuwa Padri.

"Emérite, mwanangu. Leo nitayaruka majina yenu. Nitatangaza ile ndoa nyingine tu, hakuna atakayeuliza."

"Wataniuliza mimi, Padri. Kila siku dukani, mmoja mmoja. Usiruke. Yasome."

"Una hakika?"

"Yasome yote mawili, na lile swali uliulize."

Kanisa lilijaa. Habari ilikuwa imeshafika Yeoville na kurudi. Glody alikuja pia, amevaa suti, amekaa mbele. Nadhani aliamini mpaka dakika ya mwisho kwamba mwanamke mwenye gauni jeupe dukani hawezi kusimama. Falonne alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Padri alisoma majina. Akakohoa. Akauliza, kwa sauti iliyochoka, kama kuna mtu anayejua kizuizi cha ndoa hii.

Emérite akasimama.

"Mimi."

"Weye njo bibi arusi!" mama mmoja alimaka.

"Ndiyo, mama. Na bwana arusi ana mke. Namjua, nimemshonea gauni."

Akaketi palepale, katikati ya watu, akabaki mpaka misa ikaisha, kwa sababu hakuona kwa nini atoke yeye. Aliyetoka ni Glody. Alipita katikati ya kanisa viatu vikilia, akafika mlangoni, akamshika Falonne mkono ili waondoke. Falonne akautoa mkono wake.

"Tangulia," alimwambia. "Mie bado nasali."

Baada ya misa wanawake hao wawili walikutana kwenye ngazi. Walitazamana.

"Gauni lako liko tayari," Emérite alisema. "Utalifuata lini?"

"La nini tena, dada?"

"Ni lako. Limekatwa kwa mwili wako, halitamfaa mtu mwingine." Alilitazama tumbo la mwenzake. "Nitalitanua tena. Utalihitaji."

Falonne alitaka kusema kitu, labda pole, labda asante. Emérite hakungoja kukijua. Hakuwa mtakatifu kiasi hicho.

Jumamosi iliyofuata alirudi ukumbini. Watu walimwangalia kwa huruma ile inayochosha. Papa André alimvutia kiti.

"Karibu, mama. Sisi tunaendelea kucheza tu."

Hapakuwa na zawadi siku hiyo. Upande wa kushoto, pale Glody alipokuwa akikaa, aliketi fundi viatu mmoja mnene anayepumua kwa sauti. Karata zikagawiwa. Turufu ilikuwa kopa. Emérite akazifungua zake taratibu, na hiyo hapo, Tano ya kopa, ya kwanza kabisa mkononi.

Kabla hajafikiri, kidole gumba chake kilikuwa kimeshateremka chenyewe na kubonya chini ya kidole cha pete.

Alikitazama. Papa André, upande wa pili, alikuwa anahangaika na miwani yake. Hakuna mtu mezani aliyejua maana yake.

Emérite aliichomoa Tano akaitupa mezani, ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kutoa chochote.

"Mama!" Papa André alishtuka. "Tano unaitupa hivyo, mezani hamna kitu? Ungeificha!"

"Sitaki kuificha," alisema, na machozi yakamtoka mbele yao wote. "Chezeni, jamani. Zamu yenu."