Siri ya Shimo la Babai

Kila asubuhi kabla ya shule, Kaewa alishuka na babu yake kwenye shimo la babai, yale magimbi makubwa yaliyompita kimo. Babu Iotebwa alikata majani, Kaewa akayapanga kuzunguka mashina. Kisha babu aliwasha simu, na marehemu bibi akaongea: majani gani yatangulie, udongo upi ufuate, siku ngapi baada ya mwezi kuandama. Pale kisiwani Abaiang kila ukoo huficha namna yake ya kulisha babai. Bibi alijirekodi wiki mbili kabla ya kufa, na babu alikuwa bado hajayashika yote.

"Babu, simu imezeeka," alisema Kaewa. "Mwalimu Rotia anasema sauti inaweza kuhifadhiwa kwenye wingu, mtandaoni."

"Ili jirani Tiroia ajue siri yetu kabla hajanywa chai? Wakubwa wa baraza walichukua karatasi za shamba letu, wakasema ziko salama ofisini. Bahari ikaingia, zikawa uji. Hata pole sikupewa. Sasa niwape na sauti ya mke wangu?"

Lakini siku hiyo, Kaewa alipopeleka simu shuleni kuichaji, aliiweka ile sauti mtandaoni, akaifunga kwa neno la siri.

Tangu hapo hakuwa na amani. Kila alipomwona Tiroia akicheka na mtu, alitega sikio. Labda ameshasikia.

Ijumaa mchana bahari ilipanda. Ilipenya kwanza chini ya nyumba, kimya, kisha ikaja kwa kishindo. Kaewa alimng'ang'ania babu juu ya jukwaa la kulalia, mbao zikitetemeka chini yao. Maji yalibeba sufuria, mikeka, na kopo la biskuti lenye simu.

Yalipopungua, nusu ya shimo ilikuwa imeingia chumvi. Kopo walilikuta kwenye tope. Simu haikuwaka.

"Amekufa mara ya pili," alisema babu. "Nitaanzaje upya bila yeye?"

Kaewa aliifuta simu tope. "Babu, nilikuzunguka. Sauti niliiweka mtandaoni."

Babu aliweka kopo chini. "Kwa hiyo wameshasikia wote."

"Sijui, babu."

Walipofika shuleni, Mwalimu Rotia alieleza kwamba wingu hilo ni mashine zilizo kwenye majengo ya mbali, bahari yao isikofika. Akamwita Tiroia, aliyekuwa amekuja kujihifadhi pale. "Jaribu kuifungua."

Tiroia alibonyeza, akabonyeza tena. "Inataka neno la siri. Kaewa, ninong'oneze basi, mimi si shangazi yako?"

"Thubutu," alisema babu.

Kaewa aliandika neno lenyewe. Bibi akasema, "Anza na majani makavu, na usiwe na papara, mzee wewe."

Babu alifunika uso kwa shati. Alipoufunua, alimgeukia mjukuu wake.

"Umeniokoa, Kaewa, lakini umenizunguka kama wale wa baraza. Kitu cha thamani kisikae mahali pamoja tu, hilo leo nimelijua. Na wewe ujue kwamba mwenye kitu huulizwa kwanza, akaelezwa mpaka aelewe." Akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Haya, nifundishe kuifungua mwenyewe. Tiroia, wewe angalia dirishani."