"Nitazame Usoni!"

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa fundi cherehani humtungia mama yake uzi sindanoni. Tundu halitazami. Hutazama juu yake kidogo, na uzi hupita. Ugonjwa ulimharibia katikati ya macho, kwa hiyo kila anachokitazama moja kwa moja hufunikwa na doa la kijivu. Daktari wa macho alimfundisha kuona kwa pembeni ya jicho: akitaka kuona uso wa mtu, atazame sikio.

Siku ya jaribio la hesabu aliinamia karatasi yake, macho kayapeleka kulia, upande wa jirani yake wa dawati. Mwalimu mgeni wa hesabu akaja mbio, akaichana ile karatasi vipande viwili.

"Mwizi wa majibu!"

"Sijaiba, mwalimu."

"Nitazame usoni ninaposema nawe!"

Akalitazama sikio la mwalimu. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mnaona? Hata kunitazama hawezi! Sifuri. Kesho uje na mzazi."

Binti alipofika nyumbani, kwa hasira alilipiga teke kapu la vipande vya nguo.

"Mama, shule ile sirudi tena!"

"Utarudi," mama alijibu, "tena na mimi."

Kesho yake mama aliingia ofisini na utepe wake wa kupimia nguo shingoni, uso kaukunja. Binti akaviunganisha mezani vile vipande viwili vya karatasi ya jaribio, alivyoviokota jana.

"Isahihishe, mwalimu. Na ya jirani yangu pia."

Mwalimu akasahihisha. Binti alipata kumi na nane kwa ishirini, jirani saba.

"Haya, niambie nimenakili wapi!"

Mama akamweleza mwalimu habari ya macho yale.

"Mbona hukuniambia jana?" mwalimu akamuuliza binti.

"Ulinipa nafasi?"

"Na barua ya daktari imo kwenye faili lake," mama akaongeza. "Ungeifungua tu."

Mwalimu akaenda darasani, akasimama mbele ya dawati lao.

"Jana nilimwita mwenzenu mwizi. Niliona macho yamegeuka, nikakata shauri bila kuuliza. Msifanye kama mimi. Ulizeni kwanza, ndipo mseme. Nisamehe, mwanangu."

Hasira zilikuwa bado hazijamwisha. Akalitazama sikio la mwalimu kwa makini, akauona uso wake vizuri: umesawijika kwa haya.

"Nimekuona, mwalimu," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka.