Mwanzi wa Mdomoni

Rafiki yangu mpiga saksafoni alirekodi albamu ya kuwaenzi magwiji waliomtangulia. Humo hakumtaja mwalimu wake marehemu. Alimwonea haya, maana mzee yule alipiga harusini tu. Lakini ndiye aliyekuwa akimlowanishia kwa mate yake ule mwanzi mwembamba wa mdomoni mwa saksafoni, kisha akampa apige.

Juzi mchana alirudi studio kuchukua saksafoni yake, fundi wa sauti akamfungulia mlango. Umeme ukakatika, na chumba hakina dirisha. Gizani akasikia mtu akivuta pumzi ndefu, kama anayetaka kupiga.

“Fundi, ni wewe?”

“Mimi niko huku nje, kaka.”

Taa ziliporudi, alifungua kasha la saksafoni alilolifunga mwenyewe wiki iliyopita. Mwanzi ulikuwa umelowa, una joto.