Moshi wa Tangi Kavu

Kichwa cha treni ndogo kilikuwa kinatoa moshi, na Bisibisi alijua hakina hata tone la mafuta.

Alijua kwa sababu alikikausha yeye mwenyewe. Asubuhi ile, wifi yake alipokwenda kuoga, alikipindua juu chini, akanyonya kwa bomba la sindano mafuta yote ya moshi yaliyokuwa kwenye kitangi chake, kisha akapangusa kwa pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kitangi kikavu kikiwashwa hakitoi moshi. Waya wake wa joto unaungua, basi, kazi imeharibika. Daktari wa meno alikuwa anakuja saa nne kuiangalia treni aliyoiagiza, na Bisibisi alitaka, kwa siku moja tu, amwone wifi yake akiaibika mbele ya mteja.

Sasa saa nne ilikuwa imefika. Mapazia ya karakana yalikuwa yamefungwa, maana moshi mdogo kama ule hauonekani kwenye mwanga mkali. Treni ilizunguka meza, mabehewa matano yakiifuata, na kutoka kwenye bomba lisilozidi unene wa kidole cha mtoto moshi ulitoka kwa pumzi fupi fupi, mweupe, mzito, kila magurudumu yakizunguka mara moja na pumzi moja.

"Mama, una mkono wa kazi," daktari alimwambia wifi. "Watoto wakiiona hii pale kliniki watasahau kulia."

"Ni kazi yetu wote," wifi akajibu. Sauti yake ilikwaruza kidogo.

"Anajishusha tu," alisema mumewe, mdogo wake Bisibisi, huku akicheka. "Moshi ni wake peke yake."

Mwendo ulikuwa wa nani, hakuna aliyeuliza. Treni ikienda vizuri, nani hujisumbua kuuliza aliyeifanya iende?

Lakini Bisibisi hakuwa na nafasi ya kununa. Alikuwa anautazama moshi. Kila treni ilipofika kwenye kona aliyokaa wifi yake, moshi ulikataa kupanda darini. Ulijipinda, ukashuka, ukaingia taratibu chini ya pua yake kama paka anayeujua mlango wa nyumbani. Na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

Jina la Bisibisi alipewa utotoni, kwa sababu bisibisi ndogo haikukosa nyuma ya sikio lake, hata msibani. Ufundi wa treni ndogo za umeme alifundishwa na baba yao, na baba alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake na kumrithisha kazi. Kazi yake ilikuwa mwendo: treni zinazoshtukashtuka, zinazokwama njia panda, zinazorudi nyuma zikiambiwa mbele. Alisugua reli kwa kitambaa chenye spiriti, akabadilisha kaboni za mota, akanyoosha magurudumu. Mdogo wake akishindwa aliita, "Dada, hebu njoo usikie." Naye aliinama, akatega sikio, akataja ugonjwa kwa mlio tu.

Kisha mdogo wake akaoa. Mke akaanza kwa kuleta chai karakana. Baadaye akabaki kutazama, baadaye akashika tochi, na kabla mwaka haujaisha akawa anajua kuweka moshi kuliko waliomtangulia. Alijua matone mangapi ya mafuta, maana yakizidi waya unazama na yakipungua unaungua. Kigoda chake kiliwekwa katikati ya vigoda viwili vilivyokuwa vimekaa ubavu kwa ubavu tangu enzi za baba. Na mdogo wake siku hizi aliita, "Mke wangu, hebu njoo uone."

Watu husema mawifi ni paka na panya. Bisibisi alijiona hayumo katika msemo huo. Alitabasamu, akapokea chai, akasifu moshi. Ila kijiba cha roho kilikuwa kimemkaa kooni, hakimezeki wala hakitemeki.

Wiki tatu kabla ya ujio wa daktari, alikwenda nyuma ya kabati la vipuri akatoa kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kichwa cheusi cha treni, bomba lake la moshi limezibwa kwa nta. Baba, siku alizokuwa anaumwa, alimwita yeye peke yake akamwambia: "Hiki aliniachia mteja aliyekuja anakimbia akaondoka anakimbia. Kuna jini humo, mwanangu, na unajua mimi si mtu wa hadithi za majini. Nta hiyo isitoke. Mdogo wako usimwambie, maana atakuwa ameshaizibua kabla hujafika mlangoni."

Bisibisi alikiweka kile kichwa mbele ya wifi yake. "Wifi, si wewe ndiye mkono wa moshi? Hiki kilimshinda baba. Hebu kijaribu."

Hakumtakia mabaya makubwa. Ndivyo alivyojiambia. Alitaka kimtoe jasho tu, kimnyenyekeze. Wifi aliizibua nta kwa ncha ya sindano, akatia matone manne, akawasha. Ukatoka moshi ambao hakuna aliyewahi kuuona, na mdogo wake akambusu mkewe kwenye paji la uso. Daktari aliposikia, akakitaka hicho hicho.

Sasa Bisibisi alijua kuna kitu, na hakuweza kusema. Kusema kwamba moshi ulitoka kwenye tangi kavu ni kusema nani alilikausha. Alimwambia daktari tu kwamba treni ibaki wiki moja zaidi, kuna gurudumu haliridhishi.

Ndani ya wiki hiyo sauti ya wifi yake ilikwenda ikififia. Ilianza kukwaruza kwa kikohozi, ikawa mnong'ono, halafu ikawa pumzi. Hospitali walimpiga picha ya kifua wakasema mapafu ni safi. Akirudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda chake, akakaa mbele ya kile kichwa cheusi, na mumewe alipomsihi apumzike alitikisa kichwa. Aliacha kula kwa sababu, alimwandikia mumewe kwenye karatasi, kila kitu kina ladha ya masizi.

Siku moja mchana, jua likiwa kali na joto limejaa karakana, Bisibisi alimkuta amekaa peke yake. Alipotoa pumzi, pumzi ilionekana, nyeupe, kama ya mtu aliyesimama kwenye baridi kali.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "achana na hicho kichwa."

Wifi aligeuka. Midomo yake ilijitahidi, pumzi tupu bila sauti. "Kwa nini?"

"Basi tu. Achana nacho."

"Si ni wewe uliyenipa?"

Bisibisi alinyoosha mkono azime transfoma iliyolisha reli umeme, na hapo ndipo alipoona kwamba transfoma ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, kwamba waya wake ulikuwa umechomolewa ukutani na umelala sakafuni, na kwamba pamoja na hayo yote treni ilikuwa inatembea mbele ya macho yake, polepole, haishtuki, haikwami, mwendo mzuri kuliko wowote aliowahi kuutengeneza kwa mikono yake, ikazunguka kona, ikamkaribia, ikasimama mbele yake sawasawa kama inayomngoja apande.

Akatoka mbio mpaka uani, akamkuta mdogo wake. "Twende tukamwite fundi cherehani," alimwambia.

Huyo fundi cherehani alikuwa mama mfupi wa mtaa wa pili, aliyeshona sare za shule na ambaye pia, bila makelele, alijua kusema na majini. Alikuja saa kumi alasiri, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alimtazama mgonjwa, akakitazama kichwa cha treni, akauliza kilitoka wapi.

"Kilikuwa humu humu ndani," Bisibisi alisema. "Cha baba."

Yule mama akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Fungeni mapazia," akasema. "Nataka nilione lililomo."

Mapazia yakafungwa. Treni ikaanza yenyewe. Moshi ulitoka bombani, na kwa pumzi ile ile moshi ukatoka kinywani mwa wifi, bomba na kinywa, bomba na kinywa, mdundo mmoja, mpaka mdogo wake akafunika uso kwa viganja.

"Uliyemo," fundi cherehani alisema bila kupaza sauti, kama anayemuuliza mteja kipimo cha kiuno, "sema."

Wifi, ambaye siku nne hakuwa ametoa sauti, akafumbua kinywa, na sauti ikatoka, safi, nzito kidogo, yenye ule mkokoto wa mwisho wa neno ambao watu wa nyumba ile walikuwa wanaujua kama wanavyoujua mlio wa mlango wao, kwa sababu haikuwa sauti ya wifi wala ya jini, ilikuwa sauti ya Bisibisi, na Bisibisi alikuwa amesimama pale pale ukutani, midomo yake imefungwa.

"Nimemlea miaka yote," sauti ilisema. "Huyu kamchukua kwa kikombe cha chai."

Mdogo wake aliondoa viganja usoni.

"Kila akicheka naomba ajikwae. Kikohozi hicho kimempendeza."

"Maneno hayo ni ya nani?" fundi cherehani aliuliza.

Treni iliendelea kuzunguka.

"Jini halina maneno yake," mama yule akaendelea. "Linaokota. Likikuta maneno ya mtu yamefichwa moyoni, linayavaa kama nguo, na litakaa ndani ya huyu binti maadamu nguo hizo ni zake. Mwenyewe azivue. Ayaseme kwa kinywa chake, mbele ya hao aliowasema. Na asiruke hata moja."

Bisibisi alitazama mlango. Kisha akamtazama wifi yake, mashavu yamebonyea, moshi ukimtoka puani. "Yangu," alisema. "Nimesema, nimemlea miaka yote, huyu amemchukua kwa kikombe cha chai."

"Na jingine."

"Niliomba ajikwae. Nilisema kikohozi kimempendeza." Alihisi uso unamuwaka. "Basi. Yamekwisha."

Moshi ukawa mweusi. Wifi akakakamaa kwenye kigoda, shingo ikavimba mishipa, na ile sauti ikarudi sasa kwa mnong'ono, ule mnong'ono ambao mtu husema nao na nafsi yake akiwa kitandani, ikasema, "Nilijua kilichomo. Baba aliniambia. Na akifa huyu, kigoda changu kitarudi mahali pake."

"Dada," mdogo wake aliita, polepole sana. "Hilo ni la jini. Sema ni la jini."

Alikuwa anamwombea mlango wa kutokea. Bisibisi angeweza kupita mlango huo, na siku zote zilizobaki angeitwa dada. Wifi yake alikuwa anamwangalia kwa macho yaliyojaa machozi, kama mwanadamu anayezama akiangalia mtu aliye ukingoni.

"Ni langu," Bisibisi alisema. "Nilijua kilichomo, baba aliniambia. Nikampa. Na niliwaza, akifa, kigoda changu kitarudi."

Treni ikashtuka. Kwa mara ya kwanza tangu kopo lifunguliwe ikakwamakwama, ikaruka reli, ikaanguka ubavu juu ya meza, magurudumu yakizunguka hewani mpaka yakakwama. Wifi akainama akatapika maji meusi kama ya masizi, mara mbili, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Maji," alisema. Ilikuwa sauti yake.

Fundi cherehani aliziba bomba kwa nta, akakifunga kile kichwa kwa kipande cha kitambaa alichokuwa nacho mfukoni, akaondoka nacho. Aliwaambia wasimuulize anakipeleka wapi.

Mdogo wake hakusema naye siku kumi na moja. Alimwambia mkewe kwamba dada atafute pa kuishi, na mke ndiye aliyekataa. "Nyumba ni ya baba yenu," alisema. "Na kama asingeyasema, mimi ningekuwa wapi?" Bisibisi aliyasikia hayo akiwa jikoni, na wema ule ulimchoma kuliko matusi. Daktari wa meno alitengenezewa treni nyingine, yenye moshi wa kawaida, akaipenda.

Kazi ikarudi kuwa kazi. Vigoda vitatu, meza moja. Mwezi wa pili baada ya hapo, mdogo wake alikuwa chini ya meza akiunganisha nyaya, wifi anapima mafuta, na Bisibisi nyuma yake amekwama na reli chafu.

"Wifi," alisema, "nipe hicho kitambaa."

Mkono wa wifi ulisimama hewani, tone la mafuta likining'inia kwenye ncha ya sindano. Hakugeuka. Tone lilidondoka, likaloanisha meza, na bado hakugeuka. Kisha akageuka kidogo kidogo, na hakumtazama machoni. Alimtazama midomo, kama anayetaka kuhakikisha sauti ile imetoka humo.

"Sema tena," alinong'ona.

Bisibisi alisema tena, taratibu, akiifungua midomo vizuri ili aione inavyocheza. Wifi aliitazama mpaka neno la mwisho. Ndipo akampa kitambaa.