Usiniwate Ugenini

Aliyenieleza haya ni Bi Mahfudha mwenyewe, miaka tuliyopakana ukuta kule Kibokoni, na hakunieleza kwa siku moja. Alianza akanyamaza, akaanza tena mwaka mwingine. Lakini aliyeguswa zaidi ni nduguye, Kamaludin, kwa hivyo nitayasimulia kama yalivyomfika yeye.

Ilikuwa Alhamisi ya mwaka 1966, siku kama siku nyingine. Kamaludin, aliyekuwa karani bandarini Kilindini, alirudi nyumbani adhuhuri, akala wali kwa samaki wa kupaka, akawa anangoja kahawa ipoe kidogo, ndipo tarishi wa posta akapiga hodi na simu ya maandishi kutoka Tanga. Maneno yalikuwa matatu. *Mama hawezi njoo.*

Mama yao, Bi Mwanakhamis, alikuwa ameondoka Mombasa mwezi mmoja nyuma kwenda kumtazama mdogo wake, Bi Nana, aliyeolewa Tanga. Alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu, lakini alipanda gari mwenyewe bila kushikwa mkono. Kamaludin hakuingiwa na hofu kubwa. Alimwendea Kombe, karani mwenzake, aliyekuwa amepewa na mjombake Peugeot moja ya kijivu, akamwomba ampeleke. Kombe hakuuliza mara mbili. Mahfudha, dada mkubwa, akaingia kiti cha nyuma na kikapu cha machungwa ya mama, wakavuka Likoni, wakashika barabara ya kusini. Kwenye mpaka waliandikwa majina, wakapita. Jua lilipokuwa likitua walikuwa Tanga.

Walimkuta mama amekwisha. Yamebaki macho tu. Kamaludin akakaa ukingoni mwa kitanda, na mkono uliomshika ulikuwa mwepesi kama kitambaa.

"Kamalu," mama akasema, "nikenda, usiniwate ugenini. Nilaza ubavuni mwa babako."

"Hatukuwati, mama, hatukuachi huku. Tumekuja kukuchukua."

"Niapia."

Kamaludin akaapa kwa jina la Mungu. Alfajiri ya Ijumaa, muadhini akiwa bado hajamaliza, Bi Mwanakhamis alikata roho.

Mahfudha alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa cheupe, akamfunga vidole gumba vya miguu pamoja. Alikuwa akilia na mikono ikifanya kazi. Bi Nana alitaka dada yake azikwe palepale Tanga baada ya sala ya Ijumaa. "Ardhi yote ni ya Mungu," alisema, na hakuwa amekosea.

"Nimeapa, mama mdogo."

"Basi utamvusha vipi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mambo. Kumvusha maiti mpakani kulihitaji cheti cha daktari, na ruhusa ya upande huu, na ruhusa ya upande ule. Siku ilikuwa Ijumaa. Hata mambo yakienda upesi, karatasi zisingekamilika kabla ya Jumatatu, na joto la mwezi wa pili halimngoji mtu. Kamaludin alizunguka ua ule mara nyingi, kiganja kwenye paji la uso. Kisha akasimama mbele ya Kombe.

"Tukimkalisha," akasema kwa sauti ya chini. "Avae buibui lake, ajifunike uso. Tuseme ni mgonjwa, amelala."

Kombe aliitazama Peugeot yake. Baadaye akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Waliondoka saa mbili asubuhi. Mahfudha alikaa nyuma, mama yake amemwegemea bega, mkono wa binti umemzunguka kiuno ili asiporomoke. Kila gari liliporuka shimo, kichwa cha mama kilitikisika, kama mtu anayekubaliana na maneno. Kamaludin, aliyekaa mbele, alikuwa akigeuka nyuma, halafu akawa hageuki tena.

Kizuizi cha upande wa Tanga kilikuwa gogo lililolala juu ya mapipa mawili, na kibanda cha mabati pembeni. Ofisa alikuwa kijana nadhifu kutoka bara. Alitoka na daftari lake, akainama dirishani, akaandika jina la Kombe, la Kamaludin, la Mahfudha.

"Na mama huyu?"

"Mamangu. Hawezi, amelala. Tunampeleka kwa daktari Mombasa. Andika Mwanakhamis binti…"

"Mama aseme mwenyewe," ofisa alisema. Hakuwa na ukali, alikuwa akifanya kazi yake. "Kila mtu anasema jina lake mwenyewe. Mama? Mama, unaitwa nani?"

Kamaludin aliona mikono ya Kombe imebana usukani. Aliwaza jela. Aliwaza mama yake amelazwa chini ya mabati yale mpaka Jumatatu. Akaomba moyoni, na hakuchagua maneno wala hakuchagua anayemwomba. Alisema tu: *yeyote, ajibu.*

"Mishi binti Fondo," ikasema sauti kutoka chini ya buibui. "Nakwenda kwetu."

Ofisa akaandika. Gogo likainuliwa.

Walikwenda kama robo maili. Kati ya kizuizi kile na cha upande wa Kenya palikuwa na mwendo wa maili tatu au nne hivi, vichaka kulia na kushoto, barabara ya udongo mwekundu, hakuna nyumba. Ardhi ambako mtu haulizwi jina.

"Dada," Kamaludin alinong'ona, "umetuokoa. Lakini jina hilo umelitoa wapi?"

Mahfudha alikuwa akimtazama mama yake.

"Dada?"

"Si mimi niliyesema, Kamalu."

Kombe akakanyaga breki.

Kamaludin aliruka nje, akafungua mlango wa nyuma, akafunua uso wa mama yake. Kwa dakika ile moja alikuwa na furaha. Ndiyo, furaha. Alidhani walikosea, kwamba roho ilikuwa imejificha tu, na mama angemwomba maji. "Mama," aliita. "Mama, ni mimi." Taya lilikuwa limefungwa. Kitambaa kimekaza. Mashavu baridi. Mahfudha akatoa kioo kidogo mkobani, wakakiweka puani. Kioo kikabaki kikavu.

Hakuna mdomo uliofungwa vile ungeweza kutamka neno.

Mahfudha akatoka garini mbio, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Kamaludin akamfuata ili amtulize. Kombe naye akashuka. Walisimama watatu, wamelipa gari mgongo, Kamaludin akisoma aya alizokumbuka, nyingine akizirudia mwanzo kwa kusahau. Ilikuwa saa nne na ushei, jua kali, hakuna upepo. Nyuma yao mlango wa gari ukalia, mlio mdogo wa bawaba.

Hawakugeuka upesi. Hilo ndilo Kamaludin alilojilaumu nalo mpaka mwisho. Hawakugeuka upesi.

Walipogeuka, mama alikuwa palepale, ameketi, uso umefunikwa. Kamaludin hakukumbuka kama ni yeye aliyemfunika.

"Twende," akasema Kombe. "Twende tafadhali."

Mahfudha akarudi mahali pake. Baada ya kitambo akasema, "Amezidi uzito." Walikuwa wamejiandaa kwa harufu, wameteremsha vioo vyote. Lakini kilichokuja mbele kutoka kiti cha nyuma ni harufu ya majani mabichi na mvua. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa kumi na mbili.

Kizuizi cha upande wa Kenya kiliwapitisha kwa ishara ya mkono.

Walifika Mji wa Kale saa nane. Bi Nana alikuwa ameshapiga simu ya maandishi, kwa hivyo kaburi lilikuwa limechimbwa ubavuni mwa baba, mikeka imetandikwa barazani, wanaume wamekaa. Wanawake walimpokea maiti, wakampeleka chumba cha ndani. Mejumaa, mwosha maiti wa mtaa, aliyejuana na Bi Mwanakhamis miaka arobaini, akaingia na ndoo na sanda, akafunga mlango.

Hakukaa sana. Alitoka akamwita Kamaludin kwa kidole mpaka ukumbini.

"Mwanangu," akanong'ona, "mmemleta nani?"

"Mama."

"Njoo utazame."

Uso uliokuwa juu ya kitanda hakuwahi kuuona. Mwanamke mzee, mrefu kuliko mama yake kwa kichwa kizima, mifupa ya mashavu imetokeza. Alivaa kanga za mama. Kitambaa cheupe kilikuwa tayani, na vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja. Mahfudha alikuwa amepiga magoti chini, anashika fundo lile.

"Ni langu," alisema. "Nililifunga kwa mkono huu. Halijafunguliwa."

Nyayo za mwanamke yule zilikuwa nene, zimepasukapasuka, kama za mtu aliyetembea miaka bila kupumzika. Na uso wake ulikuwa umetulia. Umetulia kama wa mtu aliyefika kwao.

Kamaludin alitoka kwa mlango wa uani. Alimwambia Mejumaa neno moja tu, wangoje, wasizike. Akamkuta Kombe kwenye kichochoro, anafuta vumbi kioo cha gari bila kuangalia anachofuta.

"Kombe. Tumemwata njiani."

Walivuka Likoni tena. Kombe aliendesha kama hana roho ya kupoteza. Jua lilikuwa limeinama walipofika pale kati ya vizuizi viwili, wakaiona alama ya breki zao udongoni. Kamaludin akashuka.

"Mama!"

Akavuta pumzi, akaita tena.

"Mama! Ni Kamalu!"

"Labeka," ikajibu sauti. Ilikuwa ya mama yake. Si ya kufanana. Yake. Ilitoka mbele, upande wa Tanga.

Alikimbia. Alikimbia hadi akaliona gogo la kizuizi, na barabara ilikuwa tupu. Akaita tena. "Labeka," ikajibu, sasa nyuma yake, mbali, upande wa Kenya. Akarudi mbio. Akapita gari, Kombe ameketi ndani na mikono masikioni. Akaita. Sauti ikajibu kutoka Tanga. Kila alipoita iliitika, kwa upole uleule wa mama anayeitwa na mwanawe akiwa jikoni. Haikukasirika. Haikusema njoo. Ikawa ni hivyo mpaka koo lake likatoa pumzi tupu.

Ofisa kijana alimkuta ameinama juu ya gogo la kizuizi.

"Bwana, si wewe uliyepita asubuhi?" aliuliza. "Kuna ajuza mmoja mnamjua? Alikuja hapa kwa miguu saa saba mchana, peke yake. Nilimshangaa. Anazungumza bila kufungua meno, na anakwenda kwa hatua fupi, hivi, kama aliyefungwa miguu."

Kamaludin akamshika shati. "Yuko wapi?"

"Aliniambia neno sikulifahamu. Alisema, 'Wameniwata.'"

"Yuko wapi, ndugu yangu?"

"Nilimuuliza jina, akataja. Halimo daftarini leo. Sikumwandika akiingia, sikumwandika akitoka. Hana karatasi." Ofisa alitazama chini. "Nilimwambia arudi alikotoka. Akageuka. Nadhani wenzetu wa upande ule nao walimrudisha, maana alikuja tena. Alikuja mara nne, bwana. Kila mara namwambia arudi."

Usiku ulipoingia walitafuta kwa taa ya gari, na kulipokucha walitafuta kwa macho. Hawakuona hata uzi wa kanga. Adhuhuri ya Jumamosi Kombe alimwingiza Kamaludin garini kwa nguvu, kama mtoto.

Barazani nyumbani watu walimpokea kwa lawama za chini chini. Mtoto gani anakimbia maziko ya mama yake? Mejumaa alikuwa amejaribu kuchelewesha bila kuthubutu kutaja sababu, lakini wanaume waliona magharibi ya Ijumaa inakaribia, wakamchukua maiti aliyeoshwa na kukafiniwa, wakamsalia na kumzika. "Tushamlaza mahali pake," mzee mmoja alimwambia, akimpa mkono wa rambirambi. "Ubavuni mwa babako, kama alivyotaka."

Kamaludin aliupokea mkono ule. Angesema nini? Wafukue? Wamtoe nani, wamtie nani?

Aliacha kazi bandarini. Kwa miaka miwili alikuwa akipanda lori kila Ijumaa kwenda mpakani, akishuka katikati, akikaa chini ya jua. Alikuwa ameacha kuita. Alisema sauti ile ikiitika humwumiza zaidi. Mwaka 1968, mwezi wa pili, hakurudi. Mwenye lori alisema alimshusha pahala pake pa kila siku, na vizuizi vyote viwili havikumwandika.

Bi Mahfudha alibaki peke yake katika nyumba ile. Kombe hakuja tena, na ile Peugeot iliuzwa Voi.

Jambo la mwisho alilonieleza, alilieleza akiwa amesimama mlangoni, bakuli la futari yangu mkononi. Alisema Gunga, mchimba kaburi, alimjia asubuhi moja ya Jumamosi, muda mfupi baada ya Kamaludin kupotea, akamtaka aje makaburini aone mwenyewe. Udongo wa pale ni mweupe, wa matumbawe, kila mtu anaujua. Kati ya kaburi la baba yake na lile la mgeni palikuwa na uwazi mdogo, usiozidi shubiri mbili. Ndani ya uwazi ule mlikuwa na udongo mwekundu, kama ule wa mpakani, umeshindiliwa, bado mbichi.

Ulikuwa na umbo la mtu mdogo wa mwili, aliyejilaza kwa ubavu, amejibana ili aenee.

Gunga aliufagia. Ijumaa iliyofuata ukarudi. Mara hii maumbo yalikuwa mawili.