Ngozi ya Kambare

Nyamizi alikuwa amefumba macho, mkono wake wa kulia umevikwa ngozimaji hadi begani, akitabasamu kwa namna ambayo mumewe hakuwa ameiona nyumbani tangu masika. Malunde alisimama mlangoni akamtazama. Mbele ya mkewe kulikuwa na tangi refu la kioo, na humo, ndani ya pango la udongo wa kuchoma, dume la kambare-milia lilikuwa limejibana na mayai yake.

Ngozimaji ilikuwa fahari ya Jumba la Viumbe Waliosalia, pale Mwanza. Kilikuwa kitambaa chepesi chenye vihisio vidogo kuliko vinyweleo. Vihisio vingine vilipandikizwa chini ya ngozi ya samaki, na alichokihisi samaki majini, mtu alikihisi mkononi. Kambare huyu wa Amerika Kusini, mwenye mdomo wa kunyonya uliokaa chini ya kichwa na mistari kama ya punda milia, hakuwa tena na mto wa kurudi. Walibaki wachache tu matangini, na ulezi wao ulikuwa mgumu. Walitaka maji ya uvuguvugu yanayokwenda kasi, hewa tele, mapango ya kujificha na utulivu. Dume ndiye mlezi. Huyapepea mayai kwa mapezi yake bila kutoka, na akishtuka huyasukuma nje yakafa. Mashine za awali zilipima maji vizuri kabisa, na bado mayai yaliharibika. Nyamizi hakupima. Mkono ukimbana, aliongeza mkondo, ukilegea, aliuacha.

Malunde aliyajua hayo yote, maana aliyasikia kila walipokaa kula na binti yao Kabula. Asichokielewa ni kwa nini kila alipomfuata humo, akitoka kusimamia roboti za kujenga reli, na viatu vyake vizito vya chuma miguuni, tabasamu lile lilizimika na mkono wa mkewe ukajikunja. Nyumbani ikawa vilevile. Akimgusa bega, Nyamizi anajivuta. Alimuuliza kama kuna mwanamume mwingine. Nyamizi akajibu kwamba hakuna, ni uchovu tu.

Basi Malunde akamchukia samaki. Alijionea haya, mtu mzima kumwonea wivu kiumbe anayeenea kiganjani, lakini wivu haukumtoka.

Ijumaa moja alikuta chumba kitupu. Nyamizi alikuwa ameitwa mkutanoni ghorofa ya juu, na ngozimaji imetundikwa ukutani. Malunde akaivaa.

Mkondo ukampita mkononi, vuguvugu, usiokatika. Akahisi ukuta wa pango ukimshika pande zote, na chini yake mayai, laini, yakitikisika kila alipopepea. Ilikuwa raha ambayo hakuwa na jina lake. Kumbe hiki ndicho mkewe alichokuwa akikifuata humu, huku yeye akilala kitandani ametazama ukuta. Hasira ikampanda. Akapiga kioo kwa ngumi.

Hofu ilimpanda toka vidoleni hadi shingoni. Akarudi nyuma ili aivue, na kiatu chake kilipogonga sakafu, mkono ukajikunja wenyewe. Akasimama. Akapiga hatua nyingine, polepole, kwa makusudi. Ukajikunja tena.

"Baba Kabula, vua," Nyamizi alisema kutoka mlangoni. Hakupandisha sauti.

Malunde akaivua. Nyamizi akaichukua, akaivaa na kuinamia tangi. Mayai matatu yalikuwa nje ya pango, tayari yakiviringishwa na mkondo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka dume lilipotulia.

"Anakuogopa," alisema hatimaye. "Viatu vyako huvisikia tangu ngazini."

"Na wewe?"

Nyamizi alianza kuivua ngozimaji. "Mimi sikuogopi. Mkono ndio unaokuogopa. Mwanzoni nilikuwa nikiivua hii, anayoyahisi samaki yananiishia mkononi. Siku hizi hayaishi."

"Ungeniambia."

"Ungenitaka niache, na hawa hawana mahali pengine."

Malunde alimuuliza kama mkono utapona mayai yakishaanguliwa. Nyamizi alisema hajui; hakuna mtu aliyewahi kuivaa ngozimaji muda mrefu kama yeye, na wenzake walimwomba aendelee wapate kujua.

Malunde akainama, akavua viatu vyote viwili na kuviweka kando. Akaja peku, bila kishindo, hadi nyuma ya mkewe. Nyamizi alikuwa ameivua ngozimaji, anaukanda mkono wake. Malunde akanyoosha kiganja chake, na kabla hakijamfikia, aliona vinyweleo vya mkono ule vikisimama.

Nyamizi naye aliviona.

"Si mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," Malunde akajibu, akaurudisha mkono wake. Alijua kweli. Lakini macho yake yalikuwa yamerudi kwenye lile pango, kwa samaki aliyekuwa amemtangulia kuingia chini ya ngozi ya mkewe.